Antonov, gesi na njaa: silaha za kutisha zilimsaidia nani?

 

Mwezi Mei 2025 Marekani ilitangaza kwamba serikali ya Sudan ilitumia silaha za kemikali mwaka 2024, katikati ya vita vyake na RSF. Khartoum ikakana. Tangu hapo, kila tukikaa kujadiliana, swali moja linarudi. Wenzetu waliokimbia kutoka Khartoum na Darfur wanaliuliza kwa uchungu. Wa kutoka Kongo na Burundi wanaliuliza kwa udadisi. Hizi silaha kubwa za kutisha, yaani gesi ya sumu, mabomu ya vishada, hata nyuklia, vitani zinasaidia nini hasa? Mwenye nazo ndiye anayeshinda? Na wapo kati yetu wanaosema, nusu mzaha nusu kweli, kwamba nchi ya Kiafrika ikipata hata moja tu, ndipo itaanza kuheshimiwa.

Tumeamua kujibu kwa historia, tena historia ya karibu: Ethiopia hapo jirani, Sudan Kusini hii tunayoishi, Kongo, Tanzania. Jibu letu kwa ufupi ni hili. Silaha hizi mara nyingi hazimalizi jeshi. Jeshi lina mahandaki, lina barakoa, lina mizinga ya kujibu. Zinammaliza yule asiye na chochote kati ya hivyo: mama aliye sokoni, mtoto aliye shuleni, mkulima aliye shambani. Ukishaelewa hilo, utaelewa kwa nini wengi wetu ni wakimbizi ilhali waliotupiga hawakushinda vita vyao.

1. GESI NA UPEPO

Gesi ya sumu iliingia vitani kwa ukubwa tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji. Wajerumani walifungua mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini, kemikali ileile ambayo kwa kiasi kidogo sana inatusafishia maji ya kunywa kambini. Upepo ukaisukuma hadi kwenye mahandaki ya Wafaransa, ambako kulikuwa pia na askari kutoka Algeria. Watu wakakohoa, wakashindwa kupumua, wakakimbia. Mstari wa mbele ukabaki wazi kwa kilomita kadhaa.

Sasa angalia kilichofuata. Wajerumani hawakulitumia lile pengo. Hawakuwa wameandaa askari wa kutosha, na waliokuwepo waliogopa kuingia ndani ya wingu lao wenyewe. Baada ya siku chache wapinzani wao wakaliziba. Septemba mwaka huohuo, kule Loos, Ufaransa, Waingereza nao wakajaribu gesi yao, na sehemu nyingine upepo ukairudisha kwa wenyewe.

Ndani ya muda mfupi kila jeshi likawa na barakoa. Hadi vita vinaisha mwaka 1918, gesi ilikuwa imeua askari wapatao 90,000. Namba hiyo si ndogo. Lakini askari waliokufa kwa jumla walifika karibu milioni 9 au zaidi, na wengi waliuawa na mizinga na bunduki za rashasha. Kwa hesabu ya kijeshi tupu, gesi iligeuka kuwa usumbufu. Ilichelewesha, ilichosha, ilimlazimisha askari apigane akiwa amevaa kitu kinachombana pumzi. Haikuamua vita.

Basi kama ilikuwa na faida ndogo hivyo, kwa nini watu waliendelea kuitaka? Jibu liko Ethiopia.

2. ETHIOPIA: WALIPOPIGWA WASIO NA BARAKOA

Tarehe 17 Juni 1925 mataifa yalikubaliana, katika Itifaki ya Geneva, kwamba gesi isitumike tena vitani. Italia iliridhia mwaka 1928. Tarehe 3 Oktoba 1935 jeshi la Mussolini likaivamia Ethiopia. Desemba, Waethiopia walipoanza kuwasukuma Waitalia nyuma upande wa mto Takaze, ndege za Italia zikaanza kudondosha mabomu ya gesi ya haradali.

Jina lenyewe linadanganya. Si haradali ya jikoni, na si gesi kama moshi. Ni kimiminika chenye mafutamafuta kinachoshika kwenye majani, udongo na maji. Unaweza kukikanyaga usijue. Saa kadhaa baadaye ngozi inatoa malengelenge, macho yanavimba na kufunga, mapafu yanaungua. Askari wa Ulaya mwaka 1918 alikuwa na buti, barakoa na daktari nyuma yake. Wapiganaji wengi wa Ethiopia walitembea pekupeku, shuka la pamba begani. Baadaye Waitalia waliacha kutegemea mabomu peke yake, wakawa wanainyunyiza kutoka angani kama mvua, juu ya watu, mito, malisho na mifugo.

Mfalme Haile Selassie alikwenda mwenyewe Geneva, akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa wa wakati ule tarehe 30 Juni 1936. Alieleza hiyo mvua ya sumu. Wakubwa wa dunia walimsikiliza, na wiki chache baadaye wakaiondolea Italia vikwazo.

Je, gesi ndiyo iliyowapa Waitalia ushindi? Wanahistoria wanabishana. Italia ilikuwa na ndege mamia, vifaru, mizinga na malori, na Ethiopia karibu haikuwa na ndege za kupigana. Huenda Addis Ababa ingeanguka hata bila gesi, labda kwa kuchelewa. Ilianguka tarehe 5 Mei 1936. Lakini mashambani wazalendo waliendelea kupigana miaka yote mitano ya ukaliaji, na huko gesi ilirudi kwa sura mbaya zaidi. Aprili 1939, eneo la Zeret, Waitalia walitumia gesi ya haradali dhidi ya watu waliojificha pangoni. Ndani walikuwemo wapiganaji pamoja na wake zao, watoto na wazee.

Halafu tazama mwaka 1940 na 1941, kwa sababu hapa ndipo siri ya hizi silaha inapofunuka. Italia sasa inapigana na Uingereza. Kutoka Kenya wanapanda askari wa King's African Rifles, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wengi wakipeana amri na habari kwa Kiswahili. Kutoka Kongo ya Wabelgiji wanakuja askari wa Force Publique. Walipita hapahapa Juba, wakapanda meli za mtoni hadi Malakal, wakaingia magharibi ya Ethiopia. Tarehe 3 Julai 1941, kule Saio, majenerali wa Italia walijisalimisha kwao. Wenzetu Wakongomani mnaouza na kununua hapo Konyokonyo, mjue babu zenu walishapita mji huu kama washindi.

Waitalia walikuwa bado na gesi kwenye maghala yao. Hawakuithubutu dhidi ya jeshi hilo, kwa sababu Uingereza ilikuwa na barakoa, na ilikuwa na gesi yake ya kujibu. Mwoga yule aliyemnyunyizia mkulima wa pekupeku, kumbe mbele ya anayeweza kurudisha alijua kujizuia! Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji uanguke, Haile Selassie akaingia tena Addis Ababa.

Na Italia? Serikali yake ilikubali rasmi kwamba ilitumia gesi hiyo mwaka 1996. Hesabu wenyewe: miaka 60.

3. ANTONOV: PIPA LINALODONDOKA

Turudi nyumbani. Waulize waliokulia Equatoria, Bahr el Ghazal au milima ya Nuba miaka ya 1990, wengi hawatakutajia gesi. Watakutajia Antonov.

Antonov An-26 ni ndege ya mizigo iliyotengenezwa enzi za Muungano wa Kisovieti. Ina mlango mkubwa nyuma wa kupakia mzigo. Jeshi la Sudan lilibeba mabomu humo, mengine ya kuundaundwa, na ndege ikifika juu ya eneo watu wanayasukuma tu nje kwa ule mlango wa nyuma. Hakuna kulenga. Tena ndege hupaa juu sana kukwepa bunduki za kutungulia ndege, na kadiri inavyopaa ndivyo bomu linavyoangukia popote.

Kijeshi hiyo ni silaha dhaifu. Wapiganaji wa SPLA walitawanyika porini, walichimba mahandaki, walisafiri usiku. Bomu lisilolengwa likiangukia pori lenye watu 20 waliotawanyika, mara nyingi linaua miti. Kilichoilinda Khartoum kusini kwa miaka yote ile kilikuwa kitu kingine kabisa: kambi za askari katika miji, mabomu ya kutegwa ardhini kuizunguka, na njia za kuleta chakula na risasi. Juba ni mfano mzuri. Juni na Julai 1992 SPLA ilishambulia mji huu na kufika ndani, ikarudishwa na askari wa miguu na mizinga. Mji ukabaki mikononi mwa serikali mpaka amani ya 2005. Na tuseme haki: SPLA nayo ilirusha makombora ndani ya Juba na raia wakafa, na pande zote mbili zilitega mabomu ardhini.

Sasa kama Antonov haikuweza kulipiga jeshi, iliweza nini? Iliweza kupiga kile kisichohama. Februari 2000 ilipiga shule huko Kauda, milima ya Nuba, ikaua zaidi ya watoto 10 wakiwa masomoni. Machi mwaka huohuo hospitali ya Lui. Novemba 2000 soko la Yei. Hata baada ya uhuru, tarehe 10 Novemba 2011 mabomu kutoka angani yaliangukia kambi ya wakimbizi ya Yida, na Aprili 2012 soko la Bentiu.

Fikiria inavyofanya kazi. Bomu moja likiangukia soko, linaua watu kadhaa. Lakini kuanzia kesho yake watu elfu kadhaa hawaendi sokoni. Watoto wanajifunzia chini ya mti karibu na shimo. Mkulima anaogopa kwenda shamba lililo wazi. Ndege ya msaada haitui. Mvua inapita bila mbegu ardhini. Mwisho familia inabeba sufuria na mkeka inaelekea mpakani, na hilo ndilo lililokuwa lengo: kuvitoa vijiji ili wapiganaji wasipate chakula, vijana wala habari. Hapo silaha "dhaifu" ikawa na faida kwa mwenye kuitumia.

Hata hivyo, faida hiyo ilimfikisha wapi? Tarehe 9 Januari 2005 mkataba wa amani ulitiwa saini Nairobi. Januari 2011 watu wa kusini wakapiga kura, karibu asilimia 99 wakachagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 bendera ikapanda hapa Juba. Miaka mingi ya kudondosha mabomu haikuizuia siku hiyo. Tunaamini hata iliisukuma, kwa sababu ni vigumu kumwambia mtu abaki ndani ya nchi ambayo ndege yake imempiga akiwa darasani.

4. YANAYOBAKI ARDHINI

Mabomu ya vishada ni bomu kubwa linalofunguka angani na kumwaga mabomu madogo mengi juu ya eneo pana. Kijeshi yalibuniwa kwa ajili ya kundi la askari au magari yaliyo wazi. Tatizo ni kwamba sehemu ya yale madogo hayalipuki yakifika chini. Yanalala, yanangoja.

Februari 2014, miezi miwili tu baada ya vita vya Desemba 2013 kuanza, wataalamu wa UNMAS walikuta mabaki ya mabomu hayo kando ya barabara ya Juba na Bor, kusini kidogo ya Bor. Jeshi la Sudan Kusini lilikuwepo katika mapigano hayo, jeshi la Uganda lilikuja kulisaidia, waasi nao walikuwepo. Hakuna aliyekubali kwamba yalikuwa yake.

Hebu pima faida yake. Barabara ya Bor si ya adui. Ni ya kila mtu: malori ya chakula, ng'ombe, wanaorudi nyumbani, hata askari wa yule aliyeyadondosha. Vita vilihama pale baada ya wiki chache, mabomu madogo yakabaki. Mwaka 2023 Sudan Kusini ilijiunga na mkataba wa kimataifa unaokataza mabomu ya vishada, na ule wa mabomu ya kutegwa ardhini ilishajiunga tangu 2011. Hizo ni hatua tunazopongeza, lakini mkataba haufukui kitu ardhini. Watu ndio wanafukua, kwa mikono, polepole, mita kwa mita.

5. MADINI YA SHINKOLOBWE

Wenzetu wa Katanga hawatatusamehe tukiruka nyuklia. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu liliangushwa Hiroshima, tarehe 9 Nagasaki. Kongo haikupata heshima yoyote kwa hilo.

Tangu siku hizo silaha ya nyuklia haijawahi kutumika tena vitani. Faida yake imebaki kuwa tishio: mwenye nayo anamzuia mwingine mwenye nayo. Lakini haikuwasaidia Wamarekani Vietnam, ambako vita viliisha 1975 kwa wao kuwa wameshaondoka, wala haikuwasaidia Wasovieti Afghanistan, walikoondoka 1989. Katika vita vyote viwili mwenye bomu kubwa kuliko yote alishindwa na watu wa sandali. Huwezi kutumia bomu la kufuta mji kushika kijiji unachotaka kukitawala. Kwa hiyo kwa ndugu wanaosema nchi yetu ikipata bomu itaheshimiwa, swali letu ni hili: kati ya vita vinavyotusumbua, vya mpaka, vya ng'ombe, vya madaraka, kipi kingemalizwa na bomu hilo?

6. UVUMI NA USHAHIDI

Silaha za kutisha zina nguvu nyingine ambayo haihitaji hata kuwepo. Jina lake tu linatosha kuwakimbiza watu, au kuhalalisha shambulio.

Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, watu zaidi ya 200 wakafa. Tarehe 20 Agosti Marekani ikapiga kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum Kaskazini, kwa makombora, ikidai kwamba sampuli ya udongo ilionyesha kemikali ya kutengenezea gesi ya neva. Kiwanda hicho kilikuwa kinatengeneza dawa za binadamu na mifugo. Baadaye ushahidi wa Marekani ulitiliwa shaka hata na Wamarekani wenyewe. Dawa zilizopotea hazikurudi.

Mwaka uliofuata, Julai 1999, mabomu yaliangushwa Lainya na Kaya, hapa Equatoria. Watu waliugua, na habari zikaenea kwamba ni kemikali. Sampuli zikapelekwa maabara za Ulaya na Marekani. Hazikuonyesha silaha za kemikali. Kilichoonekana ni mabaki ya baruti ya kawaida ya mabomu. Je, watu wa Lainya walisema uongo? Hapana. Walipigwa mabomu, waliona, waliumwa. Ila neno "kemikali" lilipokosa ushahidi, dunia ikafunga faili, kana kwamba bomu la kawaida juu ya kijiji si kitu.

Mwaka 2016 Amnesty International ilisema ina ushahidi wa kemikali Jebel Marra, Darfur. Sudan ikakana, na uchunguzi huru pale chini haukufanyika. Sasa tuna madai ya 2024. Ukitazama mfululizo huu unaona mtego wenye pande mbili. Tukivumisha bila ushahidi, tunampa mkosaji nafasi ya kucheka. Tukinyamaza kwa kukosa ushahidi, anapata miaka 60 kama Italia. Njia pekee ni ya katikati, nayo ni kazi: kuandika tulichoona, saa ngapi, wapi, harufu gani, dalili zipi, nani alitibiwa na nani, bila kuongeza chumvi na bila kulipa jina kabla ya maabara.

7. SILAHA ILIYOUA ZAIDI

Tukirudi kwenye hesabu, silaha iliyoangamiza watu wengi zaidi eneo letu haikuhitaji kiwanda.

Mwaka 1905 watu wa kusini mwa Tanganyika walipigana na Wajerumani katika vita vya Maji Maji. Walipewa dawa ya maji waliyoamini itageuza risasi. Haikugeuza, lakini si risasi iliyomaliza vita. Wajerumani walichoma vijiji, mashamba na maghala, wakangoja. Makadirio ya chini ya waliokufa ni 75,000, na wanahistoria wengine wanafikia 250,000 hadi 300,000. Wengi walikufa kwa njaa.

Hapa kwetu, miaka ya 1980 wanamgambo walivamia Bahr el Ghazal, wakachukua ng'ombe na kuchoma nafaka. Njaa ya 1988 inakadiriwa kuua watu wapatao 250,000, ndipo dunia ikaanzisha mpango wa Operation Lifeline Sudan mwaka 1989. Mwaka 1998 Khartoum ilizuia ndege za msaada kwa wiki kadhaa katika eneo hilohilo, na njaa ikarudi. Tarehe 20 Februari 2017 njaa kamili ilitangazwa Leer na Mayendit, na safari hii tulikuwa na nchi yetu wenyewe. Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walikadiria kwamba vita vya kuanzia Desemba 2013 hadi Aprili 2018 vilisababisha vifo vya ziada karibu 383,000. Takriban nusu ni vya kuuawa, na mara nyingi kwa bunduki ya kawaida anayobeba kijana wa umri wetu. Vingine ni vya magonjwa, njaa na kukosa tiba.

Njaa haina harufu ya ajabu, haileti waandishi wa habari haraka, na mwenye kuisababisha anaweza kusema ni mvua. Lakini inatumika vilevile kama gesi ya Takaze na pipa la Antonov: inamkwepa mwenye bunduki, ambaye hula kwanza, inamkuta asiye nayo. Mei 2018 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2417 linalolaani kuwanyima raia chakula kama mbinu ya vita. Tunadhani kila kijana mkimbizi aijue namba hiyo.

8. TUNACHOONDOKA NACHO

Kwa vijana wenzetu: mtu akikuambia silaha fulani ya kutisha italeta ushindi, muulize, ushindi dhidi ya nani? Dhidi ya jeshi au dhidi ya soko? Historia tuliyopitia inajibu mara nyingi kwamba ni soko. Na kile unachokiona njiani kama kopo, mpira au chuma chenye mkia, usikiguse, usikirushie jiwe, usikipige picha kwa karibu. Weka alama kwa mbali, rudi kwa nyayo zako ulizojia, toa taarifa kwa UNMAS, kwa mamlaka ya mabomu ya ardhini au kwa kiongozi wa eneo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkisikia kutoka kwetu neno "kemikali", msicheke na msikimbilie kutangaza. Andikeni dalili, hifadhini nguo na udongo kwa utaratibu wa wataalamu, mrudi kutuambia majibu, hata kama majibu ni "hapana". Watu wa Lainya walistahili kurudishiwa jibu na pia kuambiwa kwamba waliyoyapata yalikuwa uhalifu hata bila gesi. Na barabara ikifungwa, au boti ya chakula ikizuiliwa, liandikeni hilo kwa uzito uleule ambao mngeandika bomu.

Mjadala uko wazi chini hapa. Swali letu kwenu: kule mlikotoka, ni silaha gani hasa iliyowafanya mhame, ile iliyolipuka au ile iliyofunga njia ya chakula? Andikeni kwa Kiswahili, kwa Kiarabu cha Juba, kwa Kirundi, kwa lugha yoyote. Tutasoma yote.